Kiti cha Katikati

Toronto, mwezi wa nne, Jumapili mchana

Shani mdogo wangu, marahaba. Najua barua hii ikifunguliwa tu utasema shikamoo dada, hata kama unayemwamkia ni karatasi, basi nakujibu kabisa, marahaba mwanamama, marahaba sana. Hujambo? Goti hujambo? Ule uvimbe umeshuka au bado unakanda kwa maji ya chumvi? Na karanga mmeshang'oa? Maana mvua mwaka huu nasikia zilikawia kuondoka huko Tabora, na karanga zikikaa kwenye maji zinaota tena ardhini, unavuna majani. Mimi mzima, miguu tu inaniuma kwa baridi, na moyo wangu siuelewi, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza, anayekusomea ni nani? Kama ni Mwamvua binti yako, sawa, aendelee. Kama ni mtu mwingine, hata awe shehe, mwambie ahsante aishie hapo hapo, umsubiri Mwamvua. Ndani humu mna mambo ya ukwe.

Anayeniandikia ni Mama Neema, jirani yangu, yeye yuko ghorofa ya tisa, mimi ya kumi na moja. Ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kwao alikuwa mwalimu, hapa anafungasha biskuti kiwandani. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshe. Sasa hivi ananiuliza, "Bibi, hata hiyo ya karanga niandike?" Andika, mama, andika, karanga ndiyo habari ya nyumbani.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu iko sebuleni, Zena yuko sebuleni, na kuta za nyumba hizi nyepesi kama khanga. Ya mkononi ninayo, lakini namba yako ni ndefu kama treni ya mizigo, nikifika behewa la katikati nimesahau la kwanza. Basi kuna mama mmoja wa Morogoro anasafiri kesho, amekubali kuibeba barua.

Sasa swali langu ni hili, ulishike vizuri nisije nikazunguka ukalipoteza. Mwanaume aliyetengana na mwanao, talaka hajatoa, nyumba moja hawakai, huyo bado ni mkwe wako au si mkwe tena? Zena mwanangu amenitaka nichague upande, na mimi pande zenyewe sizioni ziko wapi. Wewe ndiye uliyekuwa somo wake. Wewe ndiye uliyeingia naye ndani siku saba ukamfunda. Ndiyo nakuuliza wewe.

Nianzie kwenye besiboli, kwa sababu bila besiboli hutaelewa. Nilikueleza siku ile kwenye simu ukanicheka, ukasema wanaume wazima wanacheza rede. Si rede, Shani! Mmoja anarusha mpira, mwenzake amesimama na gongo. Akiukosa mara tatu, anarudi kukaa na aibu yake. Akiupiga, anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akizunguka salama akarudi alipoanzia, hilo bao. Wakitolewa watatu wanabadilishana, hawa wanapiga, wale wanarusha. Hivyo zamu tisa. Basi. Mimi nahesabu kwa maharage kwenye kifuniko cha kopo, akitoka mmoja naweka harage. Na nikwambie, namba zote ninazozijua nimezijulia migongoni mwa vijana wale. Leo napanda basi mwenyewe nikiona namba yake, mimi Mwajuma ambaye mzee wetu alisema shule ni ya kaka yetu Kassimu peke yake.

Kwa nini nikaanza kutazama? Ni kwa sababu ya ukwe. Wewe unajua tulivyolelewa. Mkwe ukimwona njiani unakata kichakani. Huli mbele yake, humtazami usoni, jina lake hulitaji. Hata hapa silitaji, Mama Neema ameniuliza aandike nani, nikamwambia andika Baba Salma, inatosha. Sasa mimi nimekuja kumlea Salma akiwa mchanga, nakuta vyumba viwili na sebule moja, ghorofa ya kumi na moja. Kichaka kiko wapi? Mwezi wa kwanza nilishinda jikoni. Nikisikia funguo mlangoni, mbio chooni. Siku moja nilikaa mle mpaka Zena akadhani nimeanguka, anagonga, "Mama! Mama!" na Baba Salma nyuma yake kashika bisibisi anataka kung'oa kitasa. Hebu fikiri ingekuwaje.

Yeye jioni akitoka kazini anatazama besiboli. Mimi nachungulia kwenye mlango wa jikoni. Siku moja kijana mmoja kakimbia ovyo, katolewa, nikajisahau nikasema, "Mjinga huyu, si angengoja!" Halafu nikamsikia Baba Salma anaiambia televisheni, si mimi, televisheni, "Hata mimi nasema angengoja."

Hapo ndipo ilipoanzia. Kesho yake nikakuta kiti kimewekwa pale kwenye mlango wa jikoni, kimegeuzwa upande, ukikaa unaona televisheni, mtu humwoni. Mwaka uliofuata kiti kikasogea ndani kidogo. Miaka kumi na mmoja, Shani. Hatukuwahi kutazamana. Yeye anatazama mbele na mimi natazama mbele. Maneno tunampa Salma: "Salma, mwambie bibi yule mwenye nane mgongoni ni mgeni, ametoka timu nyingine." "Salma, mwambie baba yako mrushaji amechoka, wamtoe." Salma Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu Kiingereza, kwa hiyo majibu yake mimi siyapati, ila haidhuru, baba mtu ameshasikia. Salma akilala, tunaiambia televisheni. Ile televisheni imeambiwa mambo mengi, hata alipofiwa na mama yake kule Singida, aliiambia televisheni kwanza, na mimi nikaipa pole.

Mpaka hapo umenielewa? Haya.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, theluji imefika magotini, wakatengana. Sikusikia ugomvi. Hakumpiga, halewi, mwanamke mwingine hana, nimeuliza. Kabeba mabegi mawili, kasimama mlangoni na viatu vyake vya theluji, kamwambia Salma, "Mwambie bibi abaki salama." Mimi niko jikoni na mwiko mkononi. Nikamuuliza Zena, "Kwani imekuwaje?" Akasema, "Tumechoka, Mama." Kuchoka! Wewe na shemeji mmechoka mara ngapi? Mimi na marehemu tulichoka tangu mwaka wa uhuru, tukalala, tukaamka, tukaendelea. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Mama, nimetoka kugeuza wazee kumi na wawili vitandani tangu asubuhi, naomba usinifundishe kuchoka."

Ikaja sasa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu hapa, mtu wa besiboli ni kama mtu anayengoja mwezi uandame. Wachezaji wanakwenda kufanya mazoezi kule kusini kwenye joto, wanaonyeshwa wakinyoosha miguu kwenye jua, na wewe dirishani theluji imekuwa nyeusi pembeni ya barabara. Miaka yote siku zile nilikuwa nahesabu. Mwaka huu nimeifunika televisheni kitambaa cha meza. Sitaki kuiona. Lakini sikio linataka! Naosha vyombo nawaza, nani atarusha siku ya kwanza? Halafu najisuta, mwanangu ndoa imekatika na mimi nawaza mrushaji, mimi ni mama wa namna gani?

Na wakati wa baridi walimuuza kijana wangu, yule namba nane. Ndiyo, wanauzwa, huku mchezaji anauzwa kama ng'ombe na hakuna anayeshangaa. Nikalia jikoni. Zena kaja akadhani namlilia mumewe, akakasirika, akabamiza mlango. Basi nikawa sijui mwenyewe namlilia nani. Nikimlilia Baba Salma nasingizia namba nane, nikimlilia namba nane nahisi namlilia Baba Salma.

Na bado, Shani, siku zilivyokaribia moyo ukawa unaruka kama wa mwali. Kila mwaka ni hivyo. Mwezi wa nne hakuna aliyefungwa, timu zote sawa, hata ile mbovu inaweza kusema mwaka huu ni wangu. Kila mwaka nasema safari hii sidanganyiki, na kila mwaka nakaanga karanga. Zile zako za mwaka juzi ziliisha, siku hizi nanunua dukani kwa Mhindi hapa chini, nazikaanga na chumvi kwenye sufuria kavu kama mama alivyokuwa anafanya. Mwaka huu mkono wenyewe ulikaanga bakuli la watu watatu. Nikaliangalia lile bakuli. Nile na nani?

Salma humwona baba yake Jumamosi. Jumamosi moja karudi, kanipa bahasha, kaongea Kiingereza chake kwa haraka, nikaambulia "bibi" na "besiboli". Nikashuka nayo kwa Mama Neema. Akaisoma, akapiga makofi. "Bibi! Ni tiketi ya uwanjani, ya mechi ya kwanza! Mkweo ameandika atakuja kukuchukua!" Uwanjani, Shani. Miaka kumi na mmoja nimekaa mji huu, uwanja ule nimeuona kwenye kioo tu.

Nikamwambia Zena. Sikutaka kuficha. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. Akasema, "Ukienda, Mama, umeshachagua upande." Nikamuuliza, "Upande wa nani na nani? Mimi naenda kutazama mpira." Akasema, "Unajua ninachosema." Wallahi sikujua. Mpaka leo sijui kama nilijua.

Mama Neema akasema kwao kule mama mkwe na mkwe hawapitani hata njiani, kukaa bega kwa bega uwanjani ni vita ya ukoo. Halafu huyo huyo akasema, "Lakini ningekuwa mimi, ningeenda." Sasa mtu wa hivyo anakusaidia nini? Anacheka, andika, usicheke.

Nikaenda. Mechi saa saba mchana, Zena anatoka kazini saa kumi na moja. Nikapiga hesabu, besiboli saa tatu imekwisha, saa kumi niko njiani, Zena akirudi ananikuta nakuna nazi. Nikavaa koti, nikajitanda khanga juu yake, karanga kwenye mfuko. Nikafungua mlango. Baba Salma yuko kwenye korido karibu na lifti, amenipa mgongo. Hakusogea mlangoni. Nyumba aliyoilipia miaka yote, anasimama nje kama mletaji wa barua. Akasema, akiiambia lifti, "Shikamoo Mama." Nikajibu marahaba. Salma yuko shule, televisheni hatunayo, basi tukawa kimya mpaka mjini. Yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye treni viti viko vitupu, hakukaa, alishika ile nguzo.

Uwanja una paa linalofungwa kama mfuniko wa sufuria, maana nje baridi bado inauma. Unaingia kwenye giza la ngazi, halafu ghafla kijani! Kijani cha shamba la mpunga. Nikaambiwa si majani, ni zulia. Hata kama. Watu kama mchanga, wanapiga kelele kabla hakijatokea kitu. Wachezaji ni wakubwa, na mpira ukigongwa unasikia kifuani. Kwenye televisheni husikii hivyo. Nikasimama nimeshika ukuta, machozi yananitoka, na kwa nini yatoke sijui, mchezo haujaanza.

Basi tukafika kwenye viti. Cha kwangu kando ya njia. Kinafuata kiti kitupu. Halafu cha kwake. Na yeye akavua koti lake, akalitandika juu ya kile kitupu cha katikati, akakaa.

Shani, ningekuwa nyumbani ningepiga kigelegele. Nikasema moyoni, tazama mtu huyu. Ametengana na mwanangu, hana deni kwangu, lakini kanunua viti vitatu ili mama mkwe asikae naye bega kwa bega. Akaja bwana mmoja na bia mbili mikononi, anataka kile kiti, Baba Salma akakataa, kina mwenyewe. Wakaja wengine wawili, akawakatalia. Mimi nimevimba kwa fahari. Nikaweka mfuko wa karanga juu ya koti. Yeye anachukua huku, mimi nachukua huku, mbele tunatazama.

Tukauambia uwanja. "Mrushaji huyu mkono wake mzito." "Mzito, lakini ana akili, subiri." Kama zamani kabisa. Kitu kimoja tu, alikuwa kila mara anageuka kutazama ngazi tulizopandia. Nikadhani anamtafuta muuza soda.

Saa kumi ikafika, zamu ya tisa imekwisha, mabao manne kwa manne. Na besiboli haina sare. Hilo nadhani ndilo linalonifanya niupende. Wale wa timu ya reli pale kwetu walikuwa wanatoka suluhu wanarudi nyumbani wanacheka, huku hapana, mtacheza mpaka mmoja aanguke. Zamu ya kumi, ya kumi na moja. Baba Salma akasema, na safari hii hakuuambia uwanja, aliniambia mimi, mara ya kwanza tangu nimjue, "Mama, twende. Zena atarudi asikukute." Alilitaja jina la Zena kama mtu anayeweka yai mezani.

Nikasema, "Mpaka kieleweke."

Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeinuka pale, nisingekuandikia. Lakini unainukaje, Shani, siku ya kwanza, manne kwa manne?

Zamu ya kumi na tatu kijana mmoja mwembamba, wa kwetu, hata sikuwa namjua, kaupiga mpira ukaruka ukuta. Watu wote juu! Na mimi juu, napiga kelele, naruka, na nilipotulia nikaona nimeshika mkono wa mtu. Wa Baba Salma. Nimemshika mkwe mkono juu ya kile kiti, mbele ya halaiki. Nikauachia kama kaa la moto. Kwetu hiyo si faini ya kuku hiyo? Uniambie. Naye alikuwa analia. Sikumtazama usoni, niliona tu anajifuta kwa koti. Kwa bao lile, nikasema, ni haki yake kulia.

Treni ikajaa. Tumefika saa moja jioni. Kwenye lifti akasema, "Mama, Zena hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Haya," na lifti ikafunga.

Zena amekaa mezani, bado ana nguo za kazi. Salma yuko chumbani na mlango kaufunga, ameshajua.

"Umetoka wapi, Mama?"

"Uwanjani."

"Nimekutafuta kwa majirani wote. Nimepiga simu hospitali."

"Mechi ilikwenda zamu kumi na tatu."

"Zamu kumi na tatu!" Akacheka kile kicheko kibaya. "Basi haina neno."

Na mimi, badala ya kuomba radhi, moyo umenijaa, nikamtetea. Nikasema, "Unamwonea. Mwenzio kanunua viti vitatu kwa heshima yangu. Cha katikati kakiacha kitupu, watu wanakitaka, kawakatalia. Wangapi siku hizi wanajua ukwe hivyo? Mtu huyo amekosa nini?"

Zena akaniangalia kama mtoto mdogo anavyokuangalia ukimwambia jambo ambalo si kweli. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoa karatasi, akaiweka mezani mbele yangu.

Ni tiketi, kama yangu. Kusoma sijui, lakini namba nazijua. Mimi nilikaa tano. Yeye alikaa saba. Ile ilikuwa sita.

"Alinitumia mimi," Zena akasema. "Wiki mbili ninayo. Kile kiti hakikuwa cha heshima yako, Mama. Kilikuwa changu."

Nikakumbuka anavyogeuka kutazama zile ngazi. Na mimi nakula karanga na kusifia adabu yake!

Halafu akayasema yote. Hakupaza sauti, ndiyo mbaya zaidi. Akasema, "Miaka kumi na mmoja nikirudi kazini nawakuta nyie wawili mbele ya televisheni. Kama kuna neno zuri, limeshasemwa, ameambiwa Salma, imeambiwa televisheni. Mama yake amefariki, nani alikuwa wa kwanza kujua? Wewe. Mimi nilikuta mmeshapeana pole mmemaliza. Kwangu mimi analeta usingizi. Nilikuwa mgeni sebuleni kwangu, Mama, tena mgeni asiyejua mchezo."

Nikamwambia, "Si ungekaa? Nafasi ilikuwepo."

Akasema, "Wapi?"

Shani, nimekiwaza hicho kiti changu, kilivyokuwa mlangoni mwa jikoni, kilivyosogea kila mwaka. Kilikuwa kinasogea kuelekea wapi? Mimi nilidhani nimefanya vizuri, nimepata njia ya kuishi na mkwe bila kuvunja adabu. Hatukutazamana! Sikula mbele yake mpaka mwaka wa sita! Adabu yote niliishika, na kumbe ndani ya adabu ile ile nimekalia mahali pa mwanangu. Au sikupakalia? Wengine wangesema mke aliyetaka kukaa na mumewe angevuta kiti. Nikifikiri hivi naona nina haki, nikifikiri vile nataka nijifunike shuka. Na usiku mtu anataka kulala, lakini bado nasikia ule mpira ukiruka ukuta, na nafurahi! Nafurahi na kuona haya kwa wakati mmoja, sijui kama imewahi kukupata.

Alipokuwa anaingia chumbani akageuka mlangoni. Akasema, "Usimwambie kama sijaitupa." Ile tiketi akaichukua tena.

Leo siku ya sita. Ananipa chai, ananiuliza dawa nimekunywa, basi. Televisheni sijaiwasha. Mechi nne zimepita, sijui hata nani kafungwa. Baba Salma kapiga simu Ijumaa kuuliza kama nilifika salama, na mimi ninajua kile anachotaka kujua na nimekatazwa kukisema. Nikamwambia miguu inauma.

Basi ombi langu ndilo hili. Mimi ni mama mzazi, maneno ya mke na mume hayapiti kinywani mwangu, tulifundwa hivyo, na nikiyasema mimi nitayaharibu zaidi ya nilivyoharibu. Wewe ndiye somo. Wewe mlango ule una ruhusa ya kuubisha. Mpigie Zena Jumapili, ndiyo siku yake ya kupumzika. Usiseme nimekuandikia, sema umemwota. Muulize hivi kwa upole: mwanamke aliyemtupa mume, kwa nini hatupi tiketi? Halafu umwache aongee, usimkate, wewe una tabia ya kumkata mtu. Ukimaliza naye, mpigie na yule mwingine, namba yake Mama Neema ameiandika kwenye karatasi ya peke yake. Huyo mwambie ajifunze kuongea na mtu mwenye masikio, televisheni anunue mwingine.

Na mimi uniambie ukweli, usinionee haya kwa kuwa mkubwa. Kama nilikaa pasipo pangu, sema. Ukisema nitoke sebuleni, nitatoka. Mama Neema ana redio, hajui besiboli lakini ana kiti na Kiingereza anakijua, nitakuja kusikiliza huku ghorofa ya tisa, kijana akitoka nitaweka harage langu. Sitaona kitu, lakini nitajua. Si jambo dogo kwangu ninalokuambia, uelewe, lakini nitafanya.

Nisalimie shemeji yangu Baba Mwamvua, mwambie hiyo kofia aliyoomba, Salma ameshaiweka tayari. Nisalimie Kassimu kaka yetu, kama bado anadai yeye ndiye aliyesoma, na wifi yetu mkewe anayemvumilia. Mwamvua, ahsante kwa kusoma, macho yako yaone lakini mdomo usitangaze. Msalimie bibi Tausi mkunga wetu, kama yu hai, na kama hayupo mnisomee yasini mniambie. Watoto wote wa hapo kwenu, mmoja mmoja, majina yao sijawahi kuyajua yote.

Ngoja, Mama Neema, usifunge. Mlango unagongwa.

Ni Salma. Kashuka kwa ngazi, anahema. Anasema Kiingereza, Mama Neema ananifasiria: mama yake ameondoa kile kitambaa, amewasha televisheni, mechi imeanza, anauliza Bibi yuko wapi.

Sijui ananiita nikamwonyeshe mchezo au ananiita aniambie nilichokuwa sijaambiwa bado. Salma nimemuuliza uso wa mama yake ukoje, akainua mabega. Naenda. Wewe piga simu tu, Jumapili, hata ukisikia nini.

Ni mimi dada yako,
Mwajuma,
kwa mkono wa Mama Neema